Kupima msongo wa sokwe na nyani bila kuwagusa: mwongozo wa kinyesi na mkojo, kutoka msituni hadi maabara

Ukimpiga mnyama wa porini sindano ya usingizi ili umtoe damu, kortisoli yake, yaani homoni ya msongo, huanza kupanda ndani ya dakika chache, na unachokuja kukipima ni hofu uliyomtia wewe mwenyewe. Robert Sapolsky, mtafiti aliyewafuatilia nyani wa Mara nchini Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, aliweza kutumia damu kwa sababu alijiwekea masharti magumu: mnyama apigwe saa zilezile za siku, awe hajapigana wala kupanda jike siku hiyo, asimwone mpigaji, na damu itolewe haraka. Kwa sokwe aliyekaa juu ya mti mita 20 kutoka chini masharti hayo hayatekelezeki, na hifadhi nyingi haziruhusu hata kujaribu.

Kinyesi na mkojo vinatuondolea tatizo hilo na kutuletea mengine. Nambari utakayoipata mwishoni haitakuwa "kiasi cha msongo". Itakuwa kiasi cha vitu ambavyo kingamwili fulani (protini ya maabara inayonasa homoni) imevinasa, ndani ya kinyesi kilichotoka saa fulani na kuhifadhiwa kwa namna fulani. Badilisha kimoja kati ya hivyo, nambari itabadilika hata kama mnyama ni yuleyule na siku ni ileile. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuhakikisha kwamba kinachobadilika ni mnyama, si wewe.

Tumewaweka mbele sokwe na nyani wa Afrika Mashariki waliozoeshwa watu na wanaotambulika mmoja mmoja. Mbega, kima na gorila wanapimwa kwa njia hiyohiyo, isipokuwa pale tunapotaja tofauti.

Kinachotokea mwilini

Mnyama akitishwa, ubongo huipa ishara tezi ya pituitari, pituitari humwaga homoni ya ACTH kwenye damu, nayo ACTH huziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zitoe kortisoli. Kazi yake ikiisha, ini huivunja na kuifanya iyeyuke kwenye maji. Sehemu moja hutoka kwa mkojo, nyingine huingia utumbo pamoja na nyongo, na huko bakteria huivunja tena. Kwa hiyo ndani ya kinyesi cha wanyama hawa kortisoli yenyewe karibu haipo. Yapo mabaki yake, ya aina nyingi. Sentensi hiyo irudie kabla hujaagiza kifurushi chochote cha vipimo vya maabara, maana kifurushi kilichotengenezwa kupima kortisoli kwenye damu au mate ya binadamu kinaweza kusoma karibu sifuri kwenye kinyesi cha sokwe, au kikasoma kitu kingine kabisa.

Mkojo husimulia yaliyotokea saa chache zilizopita. Kinyesi cha sokwe au nyani husimulia ya jana au juzi, kwa kuwa mabaki husafiri kwa mwendo wa chakula. Mbega ana tumbo la kuchachusha majani na chakula chake hukaa muda mrefu zaidi, hivyo usimkopee makadirio ya nyani. Nywele hukusanya kortisoli ya wiki hadi miezi. Mate hubadilika karibu sambamba na damu, ila yanahitaji mnyama akubali kutafuna kamba iliyopakwa kitu kitamu. Njia hiyo inafaa kwenye bustani na vituo vya uokoaji. Msituni isahau, kwa sababu kumlisha mnyama wa porini ni kumbadilishia tabia na kumkaribishia magonjwa.

Swali kwanza, chupa baadaye

Kama unataka kujua ugomvi wa asubuhi umemfanya nini sokwe dume mchana, chukua mkojo. Kinyesi kitakupa wastani wa saa nyingi na ugomvi wako utapotelea humo. Kama unataka kujua iwapo kundi linaloishi kando ya mashamba lina hali mbaya kuliko kundi la katikati ya msitu, chukua kinyesi, kwani wastani huo sasa ndio unaoutaka. Mkojo kwa swali la pili utakulazimisha kukusanya sampuli nyingi mno, saa zilezile kila siku.

Idadi ya sampuli ipange kwa kila mnyama. Sampuli 200 kutoka kwa wanyama 8 ni wanyama 8. Kwa kulinganisha majira au makundi, kuwa na sampuli moja ya kila mnyama kwa kila kipindi ni sawa na kutokuwa nayo. Lenga nne hadi sita, za siku tofauti.

Vibali vianze miezi mingi kabla. Tanzania utapita COSTECH na TAWIRI, na TANAPA kama eneo ni hifadhi ya taifa. Uganda ni UNCST na UWA. Kenya ni NACOSTI pamoja na WRTI. Ya kwanza katika kila nchi ni ya utafiti, zinazofuata ni za wanyamapori na hifadhi. Mkataba wa CITES, wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hauhesabu kinyesi na mkojo kama bidhaa za kudhibitiwa, lakini usitegemee hilo uwanja wa ndege. Afisa atataka barua, na nchi inayopokea itataka kibali chake cha afya ya wanyama. Kabla hujafikiria kusafirisha, uliza maabara za mifugo na hospitali kubwa zilizo karibu: mashine ya kusoma sahani za ELISA (kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi) inayotumika kupima magonjwa ndiyo hiyohiyo utakayoihitaji.

Vifaa vya msituni

Glavu za nitraili, barakoa, vijiti vya mbao vya kutupa, mirija ya plastiki ya ml 15 yenye kifuniko cha kuzungusha, vichupa vya ml 2 na ml 5 vya mkojo, pipeti za plastiki za kutumia mara moja, mifuko ya plastiki yenye zipu, kikasha cha barafu, refraktomita ya mkononi (kifaa cha kusoma uzito wa mkojo), daftari lisiloloa, na penseli. Penseli si hiari. Wino wa kalamu nyingi, hata zile zinazoitwa za kudumu, unafutwa na ethanoli, na mrija mmoja ukivuja ndani ya boksi huenda ukaondoka na majina ya mingine ishirini. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, kiweke chini ya utepe wa plastiki unaopitisha mwanga, kisha zungushia kwenye mrija.

Ethanoli iwe ya maabara, asilimia 95 au zaidi. Spiriti ya rangi ya dukani ina methanoli na vikolezo visivyojulikana, na pombe kali ya kunywa haifiki hata nusu ya nguvu inayotakiwa.

Kaa mita 10 au zaidi kutoka kwa sokwe na gorila, barakoa usoni, na usiende kabisa ukiwa na mafua. Mafua ya binadamu yameua sokwe mara nyingi. Kwa upande wako, kinyesi ni mzigo wa vimelea: usikishike kwa mkono mtupu, na ukikuta mnyama mgonjwa au aliyekufa, acha shughuli ya homoni uwaite madaktari wa wanyamapori.

Kukusanya kinyesi

1. Mwone mnyama akinya. "Kilikuwa chini ya mti aliolala" hakitoshi. Sokwe wawili wakiwa mti mmoja na hukuona kimetoka kwa nani, acha.

2. Andika saa kamili ya kutoka, kisha subiri mnyama aondoke mwenyewe. Ukimfukuza ili uwahi sampuli, sampuli ya kesho umeshaiharibu.

3. Chukua ndani ya dakika 30. Bakteria hawasimami kinyesi kikishatoka. Wanaendelea kuvunja mabaki, na kwa baadhi ya vipimo nambari hupanda kadiri kinavyokaa badala ya kushuka.

4. Angalia kama kimechanganyika na mkojo. Kinyesi kilicholoa juu kwa namna isiyo ya kawaida, au kilichoangukia dimbwi, kiache. Mkojo una kiwango chake na saa zake. Cha kuhara kiandikwe hivyo, kwa sababu chakula kimepita haraka kuliko kawaida.

5. Koroga lundo lote kwa kijiti hadi lifanane. Homoni hazikusambaa sawasawa: mwanzo wa lundo na mwisho wake huweza kutofautiana sana. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, kisha wanashangaa kwa nini sampuli mbili za lundo moja zimepishana.

6. Toa mbegu kubwa, nyuzi ndefu na majani mazima, kisha weka gramu 2 hadi 3 kwenye mrija, kiasi cha ncha ya kidole gumba.

7. Rekodi: jina la mnyama, tarehe, saa ya kutoka, saa ya kuhifadhi, hali ya kinyesi, alichokuwa anakula kwa wingi, na tukio lolote la siku mbili zilizopita.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa tupu, nayo ndiyo utakayoitafuta miezi minane baadaye mbele ya kompyuta.

Kuhifadhi

Ukiwa na friza kambini, weka mrija kwenye barafu mara moja na uugandishe kwa nyuzi −20 siku hiyohiyo. Umeme ukikatika na sampuli zikayeyuka, andika tarehe na muda. Usizigandishe tena kimyakimya.

Pasipo friza kuna njia mbili. Ya kwanza ni ethanoli: jaza angalau mara mbili na nusu ya ujazo wa kinyesi, ponda kwa kijiti hadi kisiwe na donge, tikisa. Donge lisilopondwa huendelea kuoza katikati huku nje likionekana salama. Nyani wa Amboseli, wanaochunguzwa tangu 1971, wamepimwa kwa sampuli zilizowekwa kwenye ethanoli namna hii. Ila kuna mambo mawili. Homoni hutoka kwenye kinyesi na kuingia kwenye ethanoli, kwa hiyo usiimwage ethanoli ukidhani imemaliza kazi yake. Inakaushwa pamoja na sampuli. Pia kiwango hakikai palepale kwenye joto la kawaida, hupanda na kushuka miezi ikienda. Sampuli za Januari zikikaa miezi kumi na za Septemba miezi miwili, utaona tofauti ya majira iliyotengenezwa na rafu ya stoo. Zipeleke maabara kwa mafungu, kila fungu likiwa limekaa muda uleule.

Njia ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendelea kwa kambi za mbali, ni kumaliza uchujaji hukohuko. Pima gramu 0.5 za kinyesi kibichi kwa mizani ndogo ya betri, ongeza ml 5 za ethanoli ya asilimia 80, tikisa kwa mkono kwa nguvu dakika 5 nzima ukitazama saa, kisha zungusha kwa sentrifuji ya mkono mpaka maji yawe maangavu juu. Mimina hayo maji kwenye kichupa kipya, kaza kifuniko na uzungushie utando wa maabara wa kuziba (parafilm). Hayo sasa ndiyo sampuli, na yanavumilia joto kuliko kinyesi chenyewe. Weka gizani. Masalia ya kinyesi yaliyobaki chini yakaushe kwenye jua au tanuri na uyapime uzito ili upate gramu za kikavu. Bila hivyo kinyesi cha masika chenye maji mengi kitaonekana kina homoni chache kuliko cha kiangazi. Methanoli usiipeleke kambini hata kama mwongozo wa maabara unaitaja: ni sumu inayopofusha, na ethanoli inafanya kazi hiyo vizuri.

Mkojo

Kwa sokwe, funga mfuko safi wa plastiki kwenye ncha mbili za kijiti cha panda na ukinge chini yake asubuhi anapoamka kwenye kiota, wakati karibu kila sokwe hukojoa. Ukichelewa, vuta kwa pipeti kutoka kwenye majani. Ule ulioingia udongoni au ulioguswa na kinyesi uache. Ml 1 inatosha vipimo kadhaa. Ml 3 ni utajiri.

Weka tone moja kwenye refraktomita siku hiyohiyo, usome uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji, kisha gandisha. Refraktomita isafishwe kwa maji safi na isome 1.000 kabla ya kila kundi la sampuli. Kipimo hiki kipo kwa sababu sokwe aliyekunywa maji mengi anakojoa mkojo mwepesi, na wepesi huo ukiachwa utafanana na utulivu. Sahihisha hivi: zidisha kiwango cha homoni kwa (wastani wa uzito wa mkojo wa kundi lako kutoa 1), gawanya kwa (uzito wa sampuli kutoa 1). Mfano: homoni ng 20 kwa ml, sampuli 1.008, wastani wa kundi 1.016. Ni 20 × 0.016 ÷ 0.008, yaani ng 40 kwa ml. Mkojo unaokaribia 1.000 utupe, maana unagawanya kwa namba ndogo mno na kosa dogo la kusoma linageuka mlima.

Maabara nyingi husahihisha kwa kreatinini badala ya uzito. Ni sawa kwa kulinganisha mnyama na yeye mwenyewe, lakini kreatinini hutokana na misuli: dume lenye misuli mingi na mtoto, au mnyama aliyekondeana kwa njaa, hawalinganishiki kwa kreatinini bila tahadhari.

Maabara: kukausha na kuchuja

Kinyesi kilichogandishwa hukaushwa kwa baridi na ombwe hadi kiwe kikavu kabisa, kisha husagwa kwenye kinu na kupitishwa kwenye chujio la waya ili mbegu na nyuzi zibaki juu. Pima gramu 0.1 ya unga, ongeza ml 3 za methanoli ya asilimia 80, tikisa kwa mashine dakika 15, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, na uchukue maji ya juu. Gandisha kwa −20.

Uzito usiubadilishebadilishe. Unga ukiwa mchache mno, kiwango kwa gramu huelekea kupanda kwa namna isiyo ya kweli. Weka mpaka wa chini, kwa mfano gramu 0.05, na sampuli isiyofika iachwe.

Kipimo chenyewe

Sahani ina vishimo 96 vilivyopakwa protini inayoshika kingamwili. Katika kila kishimo homoni ya sampuli hugombania nafasi na homoni iliyotiwa alama. Sampuli ikiwa na homoni nyingi, zenye alama hukosa nafasi na rangi huwa hafifu. Kumbuka mwelekeo huo: rangi kali ni homoni chache. Anayeanza hukosea hapa karibu kila mara.

Utaratibu wa kawaida: zimua sampuli kwa bafa (kimiminika kinachoweka asidi palepale) hadi iangukie katikati ya mkunjo wa rejea, yaani mchoro wa homoni za kiwango kinachojulikana (jaribu mara 50, 100, 200 na 400 kwa sampuli chache kwanza). Weka mikrolita 50 za sampuli au rejea, 50 za homoni yenye alama ya biotini, 50 za kingamwili. Funika, weka kwenye friji ya nyuzi 4 usiku mzima. Osha mara nne. Ongeza streptavidini yenye peroksidesi kwa dakika 30, osha tena, ongeza TMB (kemikali inayotoa rangi), acha gizani hadi rangi ya buluu ikolee, simamisha kwa asidi ya salfuriki, kisha soma kwa nanomita 450.

Kila sampuli iwe kwenye vishimo viwili. Kila sahani iwe na rejea zake, vishimo vya sifuri, vishimo visivyo na kingamwili, na sampuli mbili za ukaguzi, moja ya juu na moja ya chini, zilezile kwenye sahani zote za mradi. Vishimo viwili vya sampuli moja vikipishana zaidi ya asilimia 10, rudia. Sampuli za ukaguzi zikipishana kati ya sahani zaidi ya asilimia 15, tafuta sababu kabla hujaendelea: mara nyingi ni pipeti isiyorekebishwa, bafa iliyotoka kwenye friji ikiwa baridi, au vishimo vya pembeni vilivyopata joto kuliko vya kati. Wanyama, majira na makundi yachanganywe kwenye kila sahani. Ukiweka kundi A sahani ya kwanza na kundi B ya pili, tofauti yao hutaijua kamwe.

Hesabu ya mwisho ni rahisi. Mashine imesoma ng 0.8 kwa ml, ulizimua mara 100, kwa hiyo maji yako yana ng 80 kwa ml. Yalikuwa ml 3, jumla ng 240. Unga ulikuwa gramu 0.1, basi ni ng 2,400 kwa gramu ya kinyesi kikavu.

Kuthibitisha kwamba unapima msongo

Hapa ndipo miradi mingi hukata kona, na hapa ndipo hapakatiki. Kipimo kilichothibitishwa kwa tumbili si lazima kifae kwa mbega, na kilichofaa kwa jike si lazima kifae kwa dume. Kwa sokwe na spishi nyingi za jamii ya nyani, vipimo vinavyolenga makundi ya mabaki, kama kile cha 11-oksoetiokolanoloni, vimefanya kazi vizuri kwenye kinyesi kuliko vya kortisoli yenyewe. Hata hivyo jaribu mwenyewe.

Uthibitisho wa maabara kwanza. Chukua mchanganyiko wa sampuli kadhaa, uzimue hatua kwa hatua, na uchore mkunjo wake kando ya ule wa rejea. Isipoenda sambamba, kuna kitu kwenye kinyesi kinachoingilia kati. Kisha ongeza kiasi kinachojulikana cha homoni kwenye sampuli na uone ni asilimia ngapi unairudisha.

Halafu uthibitisho wa mnyama. Njia ya kitabuni ni kumdunga ACTH mnyama wa kituoni na kufuata kinyesi chake. Hapa kwetu kuna njia ya upole zaidi: vituo vya sokwe kama Ngamba nchini Uganda na Sweetwaters nchini Kenya huwalaza wanyama usingizi wa dawa kwa ajili ya matibabu na uchunguzi wa afya. Ombeni mshirikiane na daktari. Kusanya kinyesi siku tatu kabla ya kulazwa, kisha kila kinyesi kwa siku tano baada yake. Kipimo kizuri kitaonyesha mpando ulio wazi na kurudi chini. Siku mpando unapofika kileleni ndio mchelewesho utakaoutumia unapolinganisha matukio na sampuli. Msituni, tukio kama uvamizi wa kundi jirani, jeraha kubwa, au dume geni kuingia kwenye kundi la nyani linaweza kufanya kazi hiyo, mradi una sampuli za kabla yake.

Kwa madume ongeza jaribio moja. Baadhi ya kingamwili za kortisoli hunasa pia mabaki ya testosteroni, kwa kuwa maumbile yao yanakaribiana. Dume la juu lenye testosteroni nyingi litaonekana lina msongo kumbe ni kingamwili isiyochagua. Angalia orodha ya vitu inavyonasa, na ikiwezekana tenganisha sampuli chache kwa kromatografia uone ni vitu gani hasa vimesomwa.

Kusoma matokeo

Kortisoli ni homoni ya nishati kabla ya kuwa homoni ya hofu. Hupanda mnyama akiwa na njaa, baridi, joto kali, mimba, ugonjwa, na hata akiwa kwenye pilikapilika za kupandana.

Saa ya siku: mkojo wa alfajiri una kortisoli nyingi kuliko wa jioni. Kwenye kinyesi cha wanyama wakubwa tofauti hiyo hupungua lakini haifi. Ingiza saa kwenye uchambuzi wako kila mara.

Mimba: kortisoli hupanda sana miezi ya mwisho. Jike asiyejulikana hali yake anaweza kupindua wastani wa kundi dogo. Kipimo cha mabaki ya projesteroni kwenye kinyesi hichohicho kinamaliza ubishi. Nyani wa njano wa Mikumi walishapimwa mimba na mizunguko kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Majira na chakula: Amboseli, joto kali na kiangazi vimeonekana kuwapandishia nyani mabaki ya kortisoli. Chakula chenye nyuzi nyingi nacho hubadilisha ukubwa wa kinyesi na mwendo wa utumbo. Ukilinganisha kijiji na msitu, linganisha mwezi uleule.

Njaa au hofu? Kortisoli peke yake haiwezi kukujibu. Oanisha na homoni ya tezi ya shingo, T3, ambayo hushuka mwili unapobana matumizi ya nishati, au kwenye mkojo pima C-peptidi, inayofuata insulini na kuonyesha kama mnyama anapata kuliko anavyotumia. Kortisoli juu na T3 chini huelekeza kwenye njaa. Kortisoli juu na T3 ya kawaida, tafuta watalii, ujangili, mbwa, au ugomvi.

Cheo nacho hakina jibu moja. Utafiti wa Amboseli uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba dume la kwanza lilikuwa na mabaki mengi kuliko la pili, ingawa kwa ujumla walio juu walikuwa na machache kuliko walio chini. Usiandike kwamba "wanyama wa juu hawana msongo", wala kinyume chake, kabla hujajua kundi liko imara au liko kwenye mapinduzi. Na usichukulie kila mpando kama madhara. Mpando wa siku moja ni mwili unaofanya kazi yake. Kinachotisha ni wastani unaobaki juu mwaka hadi mwaka: uchambuzi wa majike wa Amboseli uliotoka mwaka 2021 uliwakuta waliokuwa na wastani wa juu maishani wakifa mapema zaidi.

Kwenye kompyuta, geuza nambari kuwa logi kwa sababu mgawanyo wake huwa na mkia mrefu, tumia modeli mseto yenye utambulisho wa mnyama (ili ijue sampuli zipi ni za mnyama mmoja), na uweke saa, majira, hali ya uzazi, muda wa kuhifadhi na namba ya sahani. Matukio yasogeze kwa mchelewesho ulioupata mwenyewe, si ule uliousoma kwa spishi nyingine.

Maji ya uchujaji yaliyobaki usiyamwage. Yagawe kwenye vichupa viwili vidogo ili usiyeyushe kichupa kilekile kila mara, andika uzito wa unga na ujazo wa ethanoli au methanoli kwenye lebo, na uvitunze kwa −20. Mhakiki akikuuliza kuhusu testosteroni au T3, jibu litakuwa limekaa ndani ya friza.